Ombi la Jumla

Mashine mpya ya kunyooshea mashuka ilifungwa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi Meneja akataka iombewe. Yeye hakuwa mtu wa maombi. Siku nyingine zote, wafanyakazi wa kiwanda kile cha kufulia walipokusanyika kusali kabla ya kazi, Meneja alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa, anakunywa chai. Lakini mashine ilikuwa ghali, na kununua kitu ghali humkumbusha mtu Muumba wake haraka sana. Kwa hiyo alitoka, akasimama mbele na mikono ameifumbata tumboni, akawaambia waanze.

Aliyeongoza ni msimamizi wa upande wa kunyoosha, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Maombi. Jina hilo hawakumpa kwa kejeli. Mtu akiuguliwa, mtoto akifukuzwa shule, mume akianza kurudi nyumbani kwa kuchelewa, mwenye shida alimfuata Mama Maombi kwenye meza yake ya ukaguzi, akainama, akamnong'oneza. Kesho yake asubuhi Mama Maombi alilitaja jambo hilo kwa sauti mbele za Mungu na mbele ya wote, na wenzake wakaitikia. Wengi walisema jambo likishatajwa hivyo, mzigo unakuwa mwepesi.

Mmoja tu ndiye aliyewahi kumwomba asilitaje. Huyo ni mwenzake wa zamani. Kabla Mama Maombi hajapandishwa kuwa msimamizi, wawili hao walisimama pamoja miaka mingi mbele ya mashine ya zamani, huyu pembe hii ya shuka, yule pembe ile, wakilisha mapipa ya moto yanayozunguka. Walizoea kuitana jirani, mpaka wafanyakazi wengine nao wakamwita hivyo yule mwingine, Jirani, kana kwamba alizaliwa nalo. Wiki moja kabla ya mashine mpya kuja, Jirani alimshika mkono Mama Maombi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Nina kitu," alisema. "Nazimika. Si kulala, si kuanguka. Nasimama hivi, halafu dunia inakatika kama umeme, halafu inarudi. Daktari kanipa dawa. Niombee, lakini iwe wewe na Mungu tu. Wakijua hapa, nimekwisha."

"Itaishia kwangu," Mama Maombi alimwambia, naye alikuwa anasema kweli.

Sasa Jumatatu hiyo akaanza kuiombea mashine, na maombi yakamkolea. Aliombea umeme usikatike. Aliombea chuma, mikanda, hata waya. Akafika kwenye vidole vya watakaoilisha, sauti ikapanda, watu wakaitikia "ndiyo, Baba". Katikati ya hayo alifumbua jicho moja, jambo ambalo kila anayeongoza maombi hulifanya na hakuna anayelikiri, akaviona viatu vyeusi vya Meneja vimesogea hatua chache tu kutoka kwake. Akalifumba tena. Kisha akasema:

"Na hasa, Baba, mkumbuke jirani yangu huyu. Wewe unaijua hali yake, kule kuzimika kunakomjia bila taarifa. Moto huu usimguse! Siku akizimika na shuka mkononi, wewe mwenyewe uvishike vidole vyake!"

Walioitikia "amina" walikuwa wachache.

Meneja alishukuru, akasema maombi yalikuwa mazuri. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kalamu, "Jirani, pita ofisini kwangu mara moja."

Alifukuzwa kwa upole. Kwa usalama wako mwenyewe, aliambiwa. Aliomba apelekwe chumba cha kuchambulia nguo chafu, akaambiwa mashuka ya hospitali huja na sindano zilizosahaulika, na sakafu ya kule ina maji saa zote, akianguka je? Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: ndala, kikombe, kitambaa cha kichwa. Alipopita kwenye meza ya ukaguzi alisimama.

"Asante kwa maombi," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayelipa nauli, akaenda zake, na Mama Maombi akabaki anahesabu foronya zilezile bila kufika mwisho.

*

Nyumba ya Mama Maombi ilikuwa na watu watatu na mshahara mmoja. Mumewe alikuwa fundi viatu, na alikuwa fundi hasa, ila watu siku hizi hawashoni viatu, wanatupa. Alikaa barazani na sindano yake na gundi yake, akisalimia wapita njia zaidi ya kushona. Binti yao alimaliza shule zamani kidogo, akatembeza vyeti mpaka bahasha ikachakaa, kisha akakaa. Kukaa huko kulikuwa kumemfanya mkali. Ukimwuliza kama chai imebaki, anajibu kama umemwuliza kwa nini hajaolewa.

Ijumaa, kabla ya Jumatatu ile ya mashine, mume alikuwa ameuliza wakiwa mezani, "Huko kwenu hata mtu mmoja hastaafu? Hata mmoja hachoki?"

"Wataachaje kazi, baba?" mkewe alimjibu. " Nani anaacha kazi siku hizi?"

"Basi omba. Si ndiyo kazi yako?"

Na aliomba kweli. Jumapili nzima aliomba mlango ufunguke.

Siku ya pili baada ya Jirani kuondoka, Meneja alimwita. Alikuwa na haraka. Mashine mpya ilikuwa inalishwa na mtu mmoja na nusu, alisema, na mashuka ya hoteli yanarudishwa na mikunjo. "Uliwahi kuniambia una binti. Ana mikono?"

"Anayo, bosi."

"Aje kesho."

Mama Maombi angeweza kusema nafasi hiyo ina mwenyewe. Neno lenyewe lilifika mpaka mdomoni. Badala yake akasema, "Mungu akubariki, bosi," na akatoka kama mtu aliyekula chakula cha msibani akakiona kitamu.

Nyumbani binti aliruka, akamkumbatia mama yake jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo. Fundi viatu alitoka barazani na kiatu cha mtu mkononi, akacheza nacho hatua mbili.

"Ni nafasi ya Jirani," mkewe alimwambia baadaye, binti alipotoka kwenda kuwapasha habari rafiki zake.

"Si ameachishwa?"

"Ameachishwa kwa sababu nilimtaja kwenye maombi."

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wana kipaji cha kuwatafutia wapenzi wao visingizio. "Wewe ulimwombea. Aliyemfukuza ni Meneja. Halafu tuseme ungenyamaza, akazimika, mikono ikaingia kwenye moto. Ungelia leo ukisema ulijua ukanyamaza. Umemwokoa, mama. Siku moja atakushukuru."

"Amekwisha nishukuru."

"Unaona basi!"

Aliona. Kisingizio kilikuwa kizuri, kimeshonwa vizuri, na alikivaa. Alikivaa kazini, alikivaa sokoni. Jumapili akasimama nacho kanisani wakati wa shuhuda, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha mwambia mzee wa kanisa kwamba mke wangu ana neno. Akasema binti yetu alikaa muda mrefu, lakini Bwana hakulala, Bwana amefungua mlango. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja wa kwaya alipiga vigelegele. Mama Maombi alipokaa aliinamisha kichwa mpaka magotini, na binti yake akadhani ni upako.

*

Kazini mambo yalibadilika kimyakimya. Jumatatu iliyofuata Mama Maombi alisimama kama kawaida, akauliza kama kawaida, "Nani ana ombi?"

Wa kwanza alikuwa Dereva, yule wa gari la kusambaza, mwanamume mcheshi ambaye wiki chache nyuma alimlilia Mama Maombi kwa ajili ya shemeji yake aliye mahabusu. Alikuna shingo. "Mimi langu la jumla tu, mama."

"La jumla?"

"Afya, amani. Vitu vya jumla."

Mwanamke wa mashine za kukaushia, ambaye macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia tangu getini, akasema naye lake ni la jumla. Wa kuchambua, la jumla. Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, na Mama Maombi akaomba maombi ya jumla, hayana mtu ndani yake. Alipofumbua macho, nusu yao walikuwa tayari wamefumbua ya kwao, wanamtazama.

Hawakumsema usoni. Walikuwa na adabu. Lakini akiingia chumba cha kubadilishia nguo mazungumzo yalihamia kwenye mvua, na siku moja akiwa nyuma ya kitoroli cha mashuka alimsikia Dereva akimwambia mwenzake, "Taratibu, Redio iko hewani." Wakacheka. Alikaa nyuma ya kitoroli mpaka wakaondoka, msimamizi mzima, amejikunja kama mwizi wa sabuni.

Binti ndiye aliyelisikia jina hilo vizuri zaidi, kwa kuwa vijana hawapunguzi sauti. Alirudi nyumbani jioni na sura imekaza, akafungua maji, akaosha mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mama, mimi nimesimama mahali pa nani?"

Mama Maombi alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Pa Jirani."

"Wanasema ulimwimbia Meneja ugonjwa wake ili mimi niingie."

"Nilimwombea."

"Sijauliza kama ulimwombea." Binti alifunga maji. "Mama, watu hawanisemeshi pale. Yule tunayelisha naye mashine ananipa pembe ya shuka bila kunitazama. Nilidhani ni ugeni. Kumbe mimi ndiye mwizi, na mwenyewe sikujua."

"Usijiite hivyo."

"Basi nijiite nani?"

Baba alipiga kelele kutoka barazani kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani, wanapewa kazi wanatafuta maneno. Mama Maombi aliendelea kupepeta mchele uliokwisha kuwa safi, na kile kisingizio alichokivaa tangu siku ile kikaanza kumvuka. Alijaribu kukirudisha. Moto. Vidole. Usalama. Lakini kila alipofika kwenye maombi yale, aliviona viatu vyeusi. Kama ni vidole vya Jirani tu vilivyomhangaisha, kuna njia ngapi za kuvilinda? Angeweza kumwambia mwenyewe asikae kwenye mashine. Angeweza kubadilishana naye. Angeweza kwenda ofisini, akafunga mlango, akamtetea. Alichagua kusema pale ambapo hakuna mtu anayeweza kumkatiza, kwa sababu nani anamkatiza mtu anayesali?

Akaona aibu iliyomshika mpaka masikioni. Kesho yake, baada ya kazi, hakwenda nyumbani.

*

Jirani alikaa mtaa wa nyuma ya karakana, chumba kimoja na ukumbi, pamoja na watoto wake wawili na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa marehemu, na mkwe alibaki kwa mkwe, wakazoeana mpaka wakaacha kukumbuka nani alimleta nani. Aliyefungua mlango alikuwa bibi huyo.

"Nani? Macho yangu siku hizi!"

"Mimi, mama. Wa kiwandani. Tunasali pamoja."

"Mama Maombi!" Bibi alimshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye unayemwombea mwanangu! Ingia, ingia. Ananiambia kila siku, mama, kuna mtu kazini namwamini. Kaa hapa. Hapana, hapo pana mguu mbovu, kaa hapa."

Mama Maombi alikaa. Alitamani kile kiti chenye mguu mbovu.

Jirani hakuwa amemwambia. Bibi alijua kazi imepungua, kiwanda kimepunguza watu, ndivyo alivyoambiwa, na Mungu atafungua kwingine. Alikwenda nyuma kuchemsha chai huku akisifu, na sifa zake zilisikika mpaka ukumbini.

Jirani alikuwa amesimama mbele ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, anapiga pasi shati la mtu. Pembeni yake kulikuwa na rundo la nguo za majirani. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, ile nzito yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kifuniko, na kila alipoisukuma cheche mbili tatu ziliruka. Kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na alama ya kuungua, mbichi, yenye umbo la ncha ya pasi.

Mama Maombi aliitazama alama ile mpaka Jirani akashusha mkono wa gauni.

"Ulizimika?"

"Dakika moja, sijui. Mtoto ndiye aliyepiga kelele." Jirani aligeuza shati, akaanza kola. "Meneja ameniokoa na moto wa kiwandani. Kule tulikuwa watu kumi na swichi ya kuzimia. Hapa niko na mwanangu wa darasa la pili."

"Jirani, nimekuja kukwambia kitu."

"Sema. Hapa hakuna ofisi."

Alikuwa amejipanga njiani. Alikuwa na maneno mazuri, ya kuanzia mbali, yenye shetani na udhaifu wa binadamu ndani yake. Yote yalimtoka kichwani. "Siku ile nilifumbua jicho," alisema. "Kabla sijakutaja. Niliviona viatu vyake. Nilijua amesimama pale, na nilijua binti yangu amekaa nyumbani. Nikakutaja."

Pasi ilisimama. Jirani aliiweka kwenye kigae chake, akaliinua shati, akalitazama kwenye mwanga.

"Mimi pia nilikuwa nimefumbua," alisema. "Nilikuona ukiviona."

Bibi aliingia na chai. Alimhimiza mgeni anywe ingali moto, akamwuliza habari za nyumbani, akamwambia mtu mwenye rafiki anayemwombea hana cha kuogopa. Mama Maombi alikunywa. Ilimuunguza ulimi, akaendelea kunywa. Bibi alipotoka tena kuwaita wajukuu, mgeni alisema kwa haraka, "Nisamehe, Jirani."

"Unataka nikusamehe ili ulale. Sikulaumu, hata mimi ningetaka." Jirani alichukua nguo nyingine, sare ya shule, akainyunyizia maji. "Lakini mimi sitafuti usingizi. Natafuta kazi."

"Nitakuombea..." Alijiuma midomo. Yalikuwa mazoea tu, kama mtu anavyosema pole.

"Hapana." Kwa mara ya kwanza sauti ya Jirani ilipanda, halafu ikashuka kwa ajili ya bibi. "Usiniombee. Ukiwa na la kumwambia Mungu juu yangu, mwambie ukiwa umefunga mdomo."

*

Meneja alikuwa anakunywa chai yake ya asubuhi. Hakumkaribisha kiti.

"Bosi, nimekuja kwa habari ya Jirani."

"Hiyo tuliifunga."

"Arudi. Akae meza ya ukaguzi. Pale hakuna moto, hakuna maji, hakuna sindano. Ni kukaa na kutazama mashuka. Anayajua mashuka kuliko mtu yeyote humu ndani, hata mimi."

"Mezani upo wewe."

"Nitarudi kwenye mashine."

"Kwenye mashine yupo binti yako." Meneja aliweka kikombe chini. Alianza kufurahi kidogo, jinsi mtu anavyofurahi akiona wengine wanahesabu na yeye hapungukiwi. "Siongezi mtu hata mmoja. Na mshahara wa mezani unabaki mezani, wewe utapokea wa mashine. Umeelewa? Ninyi watu wa maombi mnanichosha. Mwezi huu mnamtoa mtu kwa maombi, mwezi ujao mnamrudisha kwa maombi."

"Bosi, mimi siombi sasa. Nakwambia. Siku ile nilikosea, jambo lake lilikuwa siri."

"Siri? Mtu anazimika mbele ya mashine yangu na ni siri?"

Hapo alikuwa na haki, na Mama Maombi alijua ana haki, ndiyo maana ilikuwa vigumu kusimama pale. "Ilikuwa siri ya kulindwa, bosi, siyo ya kufichwa. Ningemlinda. Sikumlinda."

Meneja alimtazama kama anayetafuta mtego. Hakuuona. "Kuchambua kuna nafasi," alisema mwishoni. "Kuchambua nafasi haikosekani, watu hukimbia. Binti yako aende huko, wewe mashine, yeye meza. Tumemaliza?"

"Nipe mpaka kesho nimwulize binti."

"Si mtoto wako? Mwambie tu."

"Hapana, bosi. Nimwulize kwanza."

*

Fundi viatu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatupa sindano. Haikuwa sindano kubwa, na ilianguka kwenye mkeka bila sauti, jambo lililozidi kumkasirisha.

"Unamtoa mwanao kwenye mashine umpeleke kwenye damu na matapishi ya watu? Na mshahara wako ushuke? Kwa ajili ya nani? Huyo Jirani atakulipia kodi?"

"Baba, taratibu. Watu wanapita."

"Wapite! Jumapili umesimama kanisani umesema Bwana amefungua mlango. Jumapili ijayo utasema nini? Bwana alikosea nyumba?"

Swali lile Mama Maombi alikuwa amejiuliza mwenyewe tangu ofisini, karibu kwa maneno yaleyale. Alimgeukia binti, aliyekaa kwenye ngazi na viatu vya kazi bado miguuni. Vilikuwa vya baba yake vya kuazima, vimeshonwa upya.

"Sikulazimishi," alimwambia. "Ukikataa, nitatoka mimi kabisa, wewe ubaki kwenye mashine."

"Tutakula nini ukitoka wewe?"

"Sijui."

Binti alifungua kamba za kiatu kimoja, akazifunga tena. "Mama. Ulifanya kusudi?"

Fundi alifungua mdomo kumjibia mkewe, kwa mazoea yake ya wema. Mkewe akamnyooshea mkono anyamaze.

"Ndiyo," alisema. "Sikukaa nikapanga. Lakini pale pale, katikati ya maombi, nilijua ninachofanya. Ndiyo."

Fundi viatu aliinama kuitafuta sindano yake. Alizeeka kidogo akiitafuta. Alikuwa amempenda mwanamke huyu kwa sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa kwamba alimdhani bora kuliko yeye.

"Nitakwenda kuchambua," binti alisema. "Siendi kwa ajili yako. Naenda kwa sababu siwezi kushika shuka la yule mama kila siku huku watu wananitazama mikono." Alisimama. "Lakini Jumapili usije ukasimama kanisani kuwaambia jinsi nilivyokubali."

*

Jirani alirudi siku ya Jumatano. Alivaa gauni la mikono mirefu. Wafanyakazi walimpokea kwa kelele, Dereva akampigia honi ya gari kule nje, na mtu mmoja akamfutia kiti cha meza ya ukaguzi ingawa kilikuwa safi. Alicheka, akashikana mikono na kila mmoja. Alipofika kwa Mama Maombi alimpa mkono pia, wa salamu, wala hakuukaza wala hakuulegeza.

Mama Maombi hakuongoza maombi siku ile. Alikuwa ameomba apumzishwe, na hakuna aliyemsihi abaki. Kazi ikamwangukia Dereva, aliyesali kama anayetaja vituo vya safari, bila kupumua, lakini alikuwa na adabu ya kuuliza kwanza. Akaanza kuzunguka duara.

"Ombi?"

"La jumla."

"Wewe?"

"La jumla."

Binti, aliyesimama na wenzake wa kuchambua, glavu za mpira mkononi, akasema la jumla. Ndipo zamu ikafika kwa Mama Maombi.

Alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa kifuani tangu ukumbini kwa Jirani: kusema mbele ya wote kwamba nilimkosea mwenzangu, mniombee, naye anisikie. Aliuona mzigo ukishuka. Aliona hata machozi, yake na ya wengine, na Dereva akishindwa kuendelea, na watu wakimshika mabega, na jina lake la zamani likirudi. Alivuta pumzi. Na akiwa amevuta pumzi hiyo akamwona Jirani kule upande wa pili wa duara. Hakuwa ameinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yanamsubiri, na mkono mmoja umeshika mkono wa gauni, pale chini ya kiwiko penye alama.

"La jumla," alisema Mama Maombi.

Dereva akaendelea. "Jirani?"

"La jumla tu, kaka."

Wakaomba, wakasema amina, kengele ikalia. Mama Maombi alikwenda kwenye mashine, akajifunga aproni, akalishika shuka la kwanza kwa pembe. Mikono ilikuwa imesahau joto lile. Mchana mzima alilisha, na mara kwa mara shuka lilirudishwa kutoka meza ya ukaguzi, limewekwa juu ya kitoroli chake, mkunjo umeoneshwa kwa chaki. Lilikuwa na mkunjo kweli kila mara. Alilichukua, akaloanisha, akalilisha upya, huku midomo imefungwa na ndani ya kinywa kile kilichofungwa anamtajia Mungu jina moja, lilelile, tena na tena.